Namba ya Behewa Lililowachukua Makuruta wa Lobule

Ndugu wapiganaji na askari polisi, reli haijapata kufika Lobule. Ile njia iliyotoka Tororo ikapita Soroti, Lira na Gulu iliishia Pakwach mwaka 1964, na mtu wa Koboko aliyetaka kupanda gari la moshi ilimpasa kwanza ateremke kwa lori hadi huko. Hata hivyo, ni hapa Lobule, barazani kwa mzee mmoja mstaafu wa jeshi, nilipokuta behewa la abiria limesimama juu ya meza. Watoto walikuwa wamelizunguka, baadhi yao wakiwa watoto wa wakimbizi wa Kongo waliopokewa katika makazi ya Lobule tangu mwaka 2013. Hakuna hata mmoja kati yao aliyewahi kuona gari la moshi.

Behewa hilo ni la mbao, na paa lake ni bati la debe lililonyooshwa kwa nyundo. Mzee alianza na kipimo cha njia. Reli zetu zimeachana kwa mita 1. Magurudumu ya behewa lake yameachana kwa sentimita 5. Basi kila kitu, kuanzia dirisha hadi ngazi ya mlangoni, sharti kiwe sehemu moja ya ishirini ya kitu chenyewe. Nilipima madirisha kwa rula nikaona hakukosea.

Kosa lilikuwa ubavuni. Pale palikuwa na herufi U.R.C. na namba kamili, zote kwa rangi nyeupe.

"Afande," akaniuliza, "wewe ni mtu wa makaratasi. Namba hii ni ya kweli?"

Nikamwomba anieleze ameitoa wapi. Akaleta picha ya mwaka 1965. Makuruta watano wamesimama kando ya behewa katika stesheni ya Pakwach, tayari kwa safari ya Jinja, naye ni wa pili kutoka kushoto. Nyuma yao tarakimu mbili za mwisho zinasomeka, 4 na 7. Zilizotangulia zimefunikwa na bega la kuruta wa tatu, kijana wa kijiji hicho hicho, aliyeuawa katika vita vya mwaka 1979. Nyumbani kwa marehemu hakuna picha yake nyingine. Mzee alikuwa akiunda behewa hilo ili awapelekee watu wa nyumba ile pamoja na nakala ya picha, na hakutaka liende bila namba. Mjukuu wake, kwa nia njema kabisa, alitafuta katika simu akapata behewa ambalo namba yake inaishia na 47, akanakili namba na herufi zake kama zilivyo.

Tuanze na herufi. Reli iliyoanza kujengwa Mombasa mwaka 1896 iliitwa Uganda Railway, ingawa sehemu kubwa ya njia yake ilikuwa katika nchi ambayo leo ni Kenya. Baadaye ikawa reli ya Kenya na Uganda. Mwaka 1948 ikaunganishwa na ile ya Tanganyika, na kwa muda wa miaka karibu thelathini magari yetu yakawa ya Reli za Afrika Mashariki, kwa herufi E.A.R. Jumuiya ilipovunjika mwaka 1977, kila nchi ikachukua sehemu yake, na hapo ndipo Shirika la Reli la Uganda, yaani U.R.C., lilipozaliwa. Kwa hiyo kuruta wa mwaka 1965 hakuweza kabisa kupanda behewa lenye herufi hizo.

Namba nazo huhama. Mathalani, yale mainjini 12 ya Garratt yaliyokuwa na namba 77 hadi 88 katika reli ya Kenya na Uganda yalipewa namba 5701 hadi 5712 baada ya muungano wa 1948. Tarakimu mbili za mwanzo zikawa za aina ya injini, mbili za mwisho za zamu yake. Atazamaye picha ya injini 87 na picha ya injini 5711 hudhani ameona mainjini mawili, kumbe ni moja. Namba bila mwaka wake ni nusu ya habari.

Ndugu zetu polisi watakumbuka behewa la afisa wao, Ryall. Usiku wa tarehe 6 Juni 1900, katika stesheni ya Kima, alikuwa ndani ya behewa pamoja na wenzake wawili wakimvizia simba mla watu. Zamu yake ya kulinda ilimkuta na usingizi. Simba akaingia, akamwua, akamtoa kupitia dirishani. Behewa namba 12 linahifadhiwa hadi leo katika makumbusho ya reli ya Nairobi, yaliyofunguliwa mwaka 1971. Mgeni hutaka kuliona lile lenyewe, si pacha wake. Polisi anajua hayo: bunduki ya kielelezo ikibadilishwa namba, kesi imekwisha.

Tukaiweka simu kando ya picha ya Pakwach. Behewa la kwenye simu lilikuwa la vyumba vya kulala. Lile la makuruta lina alama ya daraja la tatu mlangoni, na kupitia dirishani huonekana mabenchi. Ni magari mawili mbalimbali yaliyokutana mkiani tu. Nikamwambia mzee kwamba namba ile si ya behewa lake.

Alinyamaza kwa muda. Nilifikiri amekasirika, maana rangi ile ilimgharimu fedha.

"Basi aliyeificha ni yeye," akasema, akionyesha bega la mwenzake.

Nilipopita tena baada ya wiki mbili, herufi za zamani zilikuwa zimefutwa kwa msasa. Ameandika E.A.R., na mbele kidogo 4 na 7. Mahali pa tarakimu zilizofichika ameacha ubao mtupu, bila rangi, upana wa bega la mtu kwa kipimo cha moja kwa ishirini.