Biti na Gitaa Nyumbani: Pesa Yako Iende Wapi?

Una gitaa, una amplifaya ndogo, na simu yako ina biti za kufanyia mazoezi. Kilichobaki ni kuvisikia kwa pamoja. Kabla hujakimbilia Kariakoo kununua amplifaya mpya, pima njia hizi nne.

Waya wa AUX. Kagua amplifaya yako. Ukiona tundu la milimita 3.5 lililoandikwa AUX au MP3, waya wa shilingi elfu chache unatosha. Chagua mnene, maana mwembamba hukatikia shingoni, karibu na pini. Gharama iliyojificha ni adapta, kwani simu nyingi mpya hazina tundu la hedifoni, na si kila adapta ya Type-C hukubaliana na kila simu. Ijaribu palepale dukani. Ukisikia mvumo simu ikiwa kwenye chaji, chomoa chaji.

Tundu la gitaa liache kwa gitaa. Limetengenezwa kwa sauti dhaifu itokayo kwenye pikapu, hivyo muziki wa simu utakwaruza. Hata kwa AUX usitarajie makubwa: spika nyingi za gitaa huanza kufifia karibu na hezi 5,000, wakati muziki uliorekodiwa hufika hadi 20,000. Matoazi yatasikika kwa mbali.

Sabufa ya sebuleni. Kama ipo, hulipi kitu, na sauti ndiyo bora zaidi kwa bei hiyo. Gitaa libaki kwenye amplifaya, biti ipite kwenye sabufa, kila kimoja na sauti yake ya kupandisha na kushusha. Bluetooth huchelewesha sauti kidogo, lakini hapa haidhuru, kwa sababu unafuata biti jinsi unavyoisikia. Gitaa lenyewe usilipitishe kwenye Bluetooth ya kawaida: unapiga uzi, sauti inafika nyuma ya kidole, na mapigo yanakupotea.

Kifaa cha hedifoni. Hiki huchomekwa kwenye gitaa lenyewe, nawe unasikiliza kwa hedifoni. Kinamfaa mpangaji anayepakana ukuta na majirani, na bei yake huwa chini sana ya amplifaya. Hakikisha kina njia ya kuingiza muziki wa simu. Hedifoni za waya mara nyingi hununuliwa pembeni, na vifaa vinavyotumia betri za kawaida vitakurudisha dukani kila mara.

Amplifaya mpya yenye Bluetooth. Hapa ni malaki. Uliza kwanza kama Bluetooth yake inapitisha muziki; nyingine ni ya kurekebishia tu kwa programu ya simu. Ya mtumba isome kibandiko cha nyuma: ya Japani huwa ya volti 100, ya Marekani 120, na umeme wetu ni 230. Bila transfoma ya kushusha umeme itaungua, na transfoma hiyo nayo ni pesa.

Njia yoyote utakayochukua, pakua biti mara moja uzihifadhi kwenye simu. Kuzicheza mtandaoni kila jioni kunamaliza bando.

Ushauri wangu: mwenye sabufa asinunue kitu. Asiye nayo, lakini amplifaya yake ina AUX, anunue waya. Anayebanwa na majirani achukue kifaa cha hedifoni. Malaki yatoe tu kama huna amplifaya kabisa, au uliyo nayo imekufa.