Toka Mgeta hadi Kigali kwa ndinga? Panga kwanza!

Kabeji zikishauzwa Nyandira na mshiko ukatua mfukoni, washikaji wa kijiweni huanza ndoto: "Tuzunguke nchi kadhaa kwa gari, kama Wazungu kule Ulaya!" Wazo bomba. Ila petroli siyo jambo la kwanza. La kwanza ni makaratasi.

Yalinikuta mwenyewe. Tulichanga, tukakodi gari, tukafika mpakani Rusumo. Kumbe pasi yangu imekwisha muda! Wenzangu wakavuka, mimi nikarudi kwa basi, mchango wangu ukitanua Kigali. Aibu tupu.

Kwa hiyo, miezi miwili kabla, kagua pasi, leseni, kadi ya chanjo ya homa ya manjano, kadi ya gari na bima inayokubalika nje. Gari la kukodi? Chukua barua ya mwenyewe.

Halafu chora njia: Morogoro, Dodoma, Singida, Kahama, Rusumo, Kigali, Kampala, Nairobi, Namanga, Arusha, nyumbani. Nchi nne hizo!

Dereva, shika hili: Tanzania, Uganda na Kenya tunapita kushoto, Rwanda ni kulia. Ukisahau, kasheshe! Mifuko ya rambo nayo acha. Rwanda waliipiga marufuku 2008, Kenya 2017, sisi 2019.

Mwisho, hela ya kurudia itengeni mapema, na asiishike mpenda starehe. Kilima cha Mgeta hakipandwi kwa tangi tupu.

Safari njema!