Jumuiya za Kujifunza: Mahali ambapo Mwalimu Husema Somo Halikueleweka

Mwishoni mwa andalio la somo, ambalo mwalimu hutakiwa kuliandaa kabla ya kuingia darasani, ipo nafasi ya tathmini na maoni. Ni nafasi ndogo, na hujazwa baada ya kipindi kumalizika ili kuonesha iwapo lengo lilifikiwa na hatua itakayofuata. Si ajabu kukuta imejazwa sentensi ileile wiki nzima: "Somo limeeleweka."

Sentensi hiyo haiwezi kuwa kweli kila siku. Kipindi cha darasa la III hadi la VII ni dakika 40, na kiwango kinachokusudiwa katika shule za msingi ni mwalimu mmoja kwa wanafunzi 45. Tangu mpango wa elimu bila malipo ulipoanza kutekelezwa mwaka 2016, shule nyingi zimepokea watoto wengi zaidi ya kiwango hicho. Katika mazingira hayo, hata mwalimu hodari hutoka darasani akiwa amewaacha baadhi nyuma.

Mafunzo Endelevu ya Walimu Kazini, yanayofahamika kwa kifupi kama MEWAKA, yamejengwa juu ya ukweli huo. Badala ya kumngoja mtaalamu kutoka mbali, walimu wa shule moja hukutana katika Jumuiya ya Kujifunza, huchagua mada inayowatatiza, hujadili namna ya kuifundisha, huijaribu darasani, kisha hurejea kueleza kilichotokea. Miongozo huandaliwa na Taasisi ya Elimu Tanzania (TET), ambayo pia huendesha mfumo wa kujifunzia kwa njia ya mtandao.

Mathalani, mwalimu wa Hisabati huweza kuleta madaftari ambamo wanafunzi wamejumlisha 1/2 na 1/3 wakapata 2/5. Kosa hilo lina mantiki yake: mtoto ameona namba nne zisizohusiana, akajumlisha za juu kwa za juu na za chini kwa za chini. Mwenzake huweza kumkumbusha kwamba 2/5 ni ndogo kuliko hiyo nusu aliyoanza nayo mtoto, na kwamba karatasi mbili zilizokunjwa zingelionesha jambo hilo mapema kuliko kanuni ya kutafuta asili ya pamoja. Mazungumzo hayo huanza tu pale mwalimu wa kwanza anapokubali kuyafungua madaftari mbele ya wenzake.

Hapo ndipo penye ugumu. Mwalimu mkuu au mthibiti ubora wa shule akiyageuza maoni ya andalio kuwa ushahidi wa uzembe, walimu watarudi kwenye sentensi ya mazoea, na mtoto aliyekosea atapanda darasa na kosa lake. Hata hivyo, kukiri upungufu hakumwondolei mwalimu wajibu: maoni yanayosema "hawakuelewa" pasipo kutaja nani, wapi na nini kitarudiwa hayamsaidii mwanafunzi. Jumuiya, kwa upande wake, haipunguzi idadi ya watoto darasani. Hilo hutegemea ajira za walimu na ujenzi wa madarasa.

Mzazi anayeona hesabu ileile imerudiwa katika daftari la mtoto wake kwa siku mbili au tatu anaweza kumwuliza mwalimu sababu. Huenda mada hiyo ndiyo iliyojadiliwa katika jumuiya juma hilo.