Utupu, Tasfida na Hadhira: Mfano wa Kanduyi

Mjadala kuhusu utupu na mapenzi ya kitandani katika filamu na tamthilia za televisheni aghalabu huendeshwa kana kwamba swali ni moja tu: je, mwili uonyeshwe au usionyeshwe? Makala hii inakusudia kuonyesha kwamba swali hilo halitoshi. Kinachoamua staha si kile kinachoonekana peke yake, bali pia ni nani anakiona, akiwa pamoja na nani.

Mfano ulio wazi unapatikana Kanduyi, katika Kaunti ya Bungoma, miongoni mwa Wabukusu. Tohara ya wavulana hufanyika huko mwezi wa Agosti wa kila mwaka wa shufwa. Ingawa siku hizi wengi hutahiriwa hospitalini, desturi yenyewe yajulikana: mvulana hupelekwa mtoni alfajiri, hupakwa matope, kisha hurudi nyumbani uchi huku wimbo wa sioyaye ukiimbwa. Husimama uani mbele ya umati wa wanaume na wanawake, akatahiriwa bila ya kutikisika. Nyimbo za msimu huo hutaja mambo ambayo siku nyingine hayatamkwi. Hata hivyo, haisemwi kwamba heshima imevunjwa. Utupu huo una siku yake, mahali pake na maana yake. Ni ushahidi wa ujasiri, wala si kichocheo cha ashiki.

Jamii hiyo hiyo huweka mipaka mikali baina ya mume na mama mkwe wake, na baina ya mzee na mke wa mwanawe. Hao hawazoeani, seuze kusikiliza pamoja maneno ya chumbani. Hapa hapana mgongano wowote. Mwili uliosimama uani na neno linalofichwa mbele ya mkwe hutawaliwa na kanuni moja, nayo ni uhusiano wa waliohudhuria.

Kiswahili nacho hufuata kanuni hiyo kwa njia ya tasfida. Msemaji huchagua baina ya "kulala na", "kujuana" na "kukutana kimwili" kwa kumtazama msikilizaji wake. Unyagoni, somo humweleza mwali mambo hayo waziwazi. Akitoka nje, hurejea kwenye mafumbo. Basi lugha huweza kujirekebisha kwa kadiri ya hadhira. Picha ya televisheni haina uwezo huo, kwani haijui ni nani walioketi sebuleni.

Sheria ya Kenya imejaribu kuziba pengo hilo kwa vipimo viwili. Kwa mujibu wa Sheria ya Filamu na Michezo ya Jukwaani, Sura ya 222, filamu hupangwa katika madaraja ya umri. Na kanuni za utangazaji hutaka vipindi vya baina ya saa 11 alfajiri na saa 4 usiku vifae familia nzima. Pengine filamu huzuiwa kabisa, kama ilivyozuiwa The Wolf of Wall Street mwezi wa Januari 2014. Vipimo hivyo humlinda mtoto, na hilo si jambo dogo. Lakini saa 5 za usiku, mzee na mke wa mwanawe wakiwa katika sebule moja ya nyumba ya mjini, wote wawili wamepita umri na saa imeruhusu. Hata hivyo, mmoja wao hana budi kuinuka kwenda kutazama kama lango limefungwa.

Yawezekana kujibiwa kwamba staha ya namna hii huzuia elimu, hasa kuhusu UKIMWI. Hoja hiyo ina uzito, lakini unyago na tohara huonyesha kwamba mila haikukataza uwazi, iliupangia hadhira. Kwa hiyo mwandishi wa tamthilia ya Kiswahili, na mfasiri wa tamthilia ya kigeni, hawalazimiki kuchagua baina ya kuonyesha yote na kuficha yote. Wajibu wao ni kujua kwamba kazi yao itapokewa na wakwe, wazazi na watoto kwa pamoja, na kuitumia tasfida, ambayo humwezesha kila mmoja kuelewa kwa kadiri yake bila ya kulazimika kuinuka.