TAIRI LA BEI CHEE LILINIPOTEZEA MTEJA

Wafanyabiashara wenzangu, mimi nauza vitenge mtandaoni. Nipo Rungwe Mpya, mizigo napeleka Kasulu mjini kwa ka-Vitz ketu ka nyumbani.

Nilinunua matairi ya mtumba, kashata bado nene. Moja likapasuka njiani. Sare za harusi zikafika sherehe imeisha. Hela nikarudisha, mteja hajarudi.

Fundi akanionyesha ubavuni, penye herufi DOT, tarakimu nne za mwisho: 0912. Yaani wiki ya 9, mwaka 2012. Kashata zipo, mpira umezeeka!

Sasa kabla sijalipa naangalia:
✅ Saizi ilingane na kibandiko cha mlango wa dereva
✅ Mwaka
✅ Nyufa ubavuni

Je, tairi zako ni za mwaka gani? Kaangalie kabla hujapokea oda nyingine.