MSAADA WA KAMPUNI UANZIE NDANI YA GETI



Kampuni nyingi za upande wa Busia na upande wa Tororo hupenda kutoa misaada. Hii inachimba kisima, ile inaezeka shule kwa mabati, nyingine inawapa vijana jezi. Hatukatai. Watoto wanaosoma chini ya mabati hayo ni wetu. Lakini sisi wa chama tunauliza: kampuni huendeleza nchi kwa zawadi, au kwa mshahara?

Tuanze na Tororo. Kiwanda cha saruji kilianzishwa miaka ya 1950, wakati bwawa la Owen Falls lilipokuwa likijengwa Jinja. Bwawa lilifunguliwa 1954. Saruji ikatengenezwa nchini, na mshahara wa kiwandani ukaingia sokoni. Mama wa mboga akauza, fundi wa baiskeli akapata kazi, karo ikalipwa. Hayo ndiyo maendeleo, wala hakuna aliyeyaita msaada.

Sasa tutazame Mumias, kule Kakamega, kampuni iliyonunua miwa hata kwa wakulima wa Busia. Iliundwa 1971, ikaanza kusaga 1973. Mji mzima ukaiegemea. Mwaka 2019, kwa ajili ya madeni, ikawekwa chini ya mrasimu, yaani msimamizi aliyeletwa na benki. Wafanyakazi waliachwa wakidai mishahara, wakulima wakidai pesa za miwa. Siku kampuni ikianguka, jezi hazilipi karo. Kinachobaki mkononi ni kile ulicholipwa na kuwekewa akiba mapema.

Tumewahi kuona kampuni moja ikikabidhi darasa jipya mbele ya wakubwa na wapiga picha. Siku ile ile vibarua wake walikuwa wakipakia mifuko bila kitu cha kufunika pua. Vumbi la saruji huumiza mapafu na ngozi. Darasa lile litamfaa nini mtoto, ikiwa baba yake atakohoa mpaka kazi imshinde, na karo ikose mlipaji?

Ndugu, sheria ipo. Kenya, Sheria ya Ajira ya 2007 inasema kibarua aliyefanya kazi mfululizo kwa mwezi mmoja asihesabiwe tena kuwa wa kutwa. Alipwe kwa mwezi na apate haki zake. Uganda, kanuni za 2011 zinakataza kumweka mtu kibarua zaidi ya miezi minne. Apewe mkataba wa maandishi. Tena tangu 2022 kila mwajiri wa Uganda, hata mwenye mfanyakazi mmoja, lazima amwekee akiba ya NSSF: mwajiri asilimia 10 ya mshahara, mfanyakazi asilimia 5.

Kwa hiyo, kampuni ikileta msaada, kamati ya tawi iulize mambo matatu. Kwanza, je, vibarua wamepewa mikataba, buti na vifaa vya kuzuia vumbi? Pili, je, wanakijiji na wafanyakazi waliulizwa wanataka nini? Tatu, je, zahanati au kisima kitaendeshwa na nani kampuni ikiondoka? Majibu yaandikwe, yatiwe sahihi, na nakala ibaki ofisi ya chama.

Tukipewa zawadi tutasema asante. Lakini haki haiombwi kama zawadi. Inadaiwa mezani, tukiwa pamoja.

Umoja ni nguvu!