Kikapu Kikiisha Kusukwa, Kazi Bado

Mwenye lori hapimi vikapu kwa kilo. Anautazama mzigo, anapiga hesabu ya nafasi utakayokula, halafu anataja bei. Vijana wawili wanaweza kuupakia wote bila jasho, na bado ukajaza lori pomoni. Kwa hiyo tunacholipia kutoka Lokori hadi Lodwar, na mbele zaidi hadi Kakuma, sehemu kubwa ni hewa iliyomo ndani ya vikapu. Mimi ndiye ninayetunza ghala la kikundi cha akina mama wasusi hapa Lokori, Turkana Mashariki. Ningependa mnunuzi anayekiona kikapu dukani ajue kwamba kimeokoka ghalani na njiani kabla ya kumfikia, na kwamba kazi hiyo ikifanywa ovyo, wa kwanza kuumia ni aliyekisuka.

Vikapu vyetu ni vya majani ya mkoma, mti ambao sisi Waturkana huuita eng'ol. Huota kando ya mto Kerio na mto Turkwel. Watu hula matunda yake na kuezekea majani yake. Kwa kusukia, jani changa ambalo halijafunguka ndilo bora. Huchanwa miaa, huanikwa, kisha hulowekwa tena kidogo wakati wa kusuka ili isikatike. Msusi huanzia katikati ya kitako: fungu la majani huwa ndani, mwaa mwembamba hulizunguka na kulishona kwenye mzunguko uliotangulia, tundu kwa tundu, hadi ukingoni. Kinachotoka ni kikapu kigumu chenye umbo lake. Kiondo hukunjwa, mkeka huviringishwa, lakini hiki hakikunjiki. Ukikilazimisha, mzunguko unavunjika ndani kwa ndani, na hapo huwezi kuutengeneza bila kufumua kazi ya siku nyingi.

Adui wa kwanza ni maji, ingawa hapa ni nchi kavu. Lodwar hupata mvua isiyofika milimita 250 kwa mwaka, na wageni hudhani ukungu hauwezi kutupata. Wanasahau kwamba kikapu kipya huja na maji yake, yale ya kulowekea miaa. Ukikifungia kwenye gunia siku hiyo hiyo, kitako kinaota madoa meusi ambayo hayatoki. Kila kikapu kinachoingia nakibonyeza kitako kwa kidole gumba, kisha nakiweka shavuni. Kilicho na unyevu ni baridi shavuni hata mchana wa jua kali. Hicho kinapinduliwa juu ya kichanja, kivulini, mpaka kikauke polepole. Juani hapana. Jua letu hula rangi na kulifanya jani likatike mkononi.

Rangi nayo hupimwa. Zamani rangi zilitoka kwenye magome na mizizi. Siku hizi nyingi ni za unga, zinanunuliwa dukani. Nachukua kitambaa cheupe, nakilowesha, nakikandamiza kwenye mstari uliokolea zaidi, kwa kawaida ule wa zambarau au mweusi. Kitambaa kikitoka na doa, kikapu hicho hakisafiri pamoja na vyeupe, kwa sababu mvua ya nusu saa juu ya lori inatosha kuharibu gunia zima.

Ghala lenyewe ni nyumba ya udongo yenye paa la mabati, na chini ya mabati tumetandika makuti. Bila makuti, joto la adhuhuri humo ndani hukausha jani kupita kiasi. Kuna matundu juu ya kuta ili hewa ipite, yamezibwa kwa waya mwembamba dhidi ya panya. Vichanja vinasimama juu ya miguu ya miti, na kila mguu umetumbukizwa ndani ya kopo lenye oili chafu ya gari. Mchwa hawavuki hapo. Nafaka hairuhusiwi kulala humu hata usiku mmoja, kwa sababu panya huyafuata mahindi, na wakimaliza mahindi hugeukia vikapu. Wazee wachongaji huniletea pia ekicholong, kile kigoda ambacho mwanamume wa Kiturkana huketia mchana na kulalia kichwa usiku. Vigoda hivyo huwekwa chumba cha pili. Nikiona unga laini sakafuni chini ya kigoda, najua bungua yumo ndani ya mti, na kigoda hicho hutengwa mara moja.

Kuna wanaoamini kwamba ghala zuri ni la fedha nyingi. Nenda Kalokol, kando ya Ziwa Turkana, ukaone kiwanda cha kugandisha samaki kilichojengwa kwa msaada wa Norway, kikamalizika mwanzoni mwa miaka ya 1980. Umeme uliohitajika kugandisha samaki katika joto lile ulikuwa ghali mno. Mitambo ilifanya kazi kwa muda mfupi tu, na jengo likaishia kuwekewa samaki wakavu, ambao wavuvi walijua kuwahifadhi tangu zamani bila umeme.

Mtu anaweza kuuliza kwa nini tulimbikize vikapu badala ya kuviuza kila vinapokuja. Vinakuja kidogo kidogo. Mama mmoja analeta viwili leo, kisha ukame unamhamisha na mifugo yake, nisimwone tena kwa msimu mzima. Wanunuzi nao huja kwa mkupuo. Tamasha la utamaduni la Tobong'u Lore hujaza Lodwar wageni kwa siku chache. Duka la Nairobi linaagiza vikapu mamia, tena vya kipimo kimoja. Tangu Kenya ilipopiga marufuku mifuko ya plastiki ya kubebea, tarehe 28 Agosti 2017, hata wenyeji wa mjini wanauliza kikapu cha sokoni. Bila akiba ghalani, maagizo hayo yote yanakwenda kwingine.

Katika kufunga mzigo, ujuzi mkubwa tumeurithi. Mama zetu walipohamisha awi, yaani boma zima, wao ndio walioipakia nyumba juu ya punda: ngozi, fito, elepit ya kukamulia maziwa, na watoto wadogo ndani ya shogi. Uzito ulikaa chini, pande mbili zikalingana, na kinachovunjika kikafungwa pamoja na kinachopinda. Nasi twafanya hivyo hivyo. Kikapu kidogo huingia ndani ya kikubwa, lakini sizidishi vinne, kwa maana cha nje hutanuka na ukingo wake ukapoteza duara. Katikati ya kimoja na kingine kuna gazeti kuukuu. Gunia hushonwa kwa kamba ya katani bila kuikaza. Kila kikapu kina kipande cha karatasi chenye namba ya msusi, na namba hizo zote zimo daftarini.

Kutoka Lokori hadi Lokichar ni vumbi, mchanga na vijito vya msimu. Mto Kerio hutoka mbali kusini, kwenye nyanda za juu za Elgeyo, kwa hiyo unaweza kufurika huku anga ya Lokori ikiwa nyeupe kabisa. Dereva mwenye busara husubiri. Husafiri mchana pia, kwa sababu ya usalama. Turkana ilikuwa miongoni mwa kaunti zilizoingizwa katika Maliza Uhalifu, operesheni ya serikali dhidi ya majambazi na wezi wa mifugo, mwezi Februari 2023, na watu wa huku hawahitaji kuelezwa sababu. Lori la mbuzi silipandishii vikapu hata likiwa la bei nafuu. Mkojo wa mbuzi ukishaingia kwenye jani, harufu haitoki.

Lokichar kuna lami, na hapo bei hugeuka. Malori yanayopanda kwenda Kakuma hujaa chakula na bidhaa za kambi ya wakimbizi, iliyopo tangu 1992, na za soko lililokua kuizunguka. Yanaposhuka kurudi Kitale huwa matupu, na dereva yuko tayari kuchukua chochote kitakacholipia mafuta. Basi mzigo wa Nairobi unasafiri kwa bei nafuu kuliko ule wa Kakuma, ingawa Nairobi ni mbali zaidi. Vya Kakuma navigawa mafungu madogo yanayopanda juu ya basi, chini ya turubai, na namwomba utingo asiwaketishe abiria juu yake.

Vinavyokwenda ng'ambo vina masharti mengine. Hukaguliwa na KEPHIS, shirika la serikali la afya ya mimea, na chaga za mbao za kupangia mzigo lazima ziwe zimepashwa joto hadi nyuzi 56 katikati ya ubao kwa dakika 30, ili wadudu wafe. Hewa ya Mombasa nayo ina unyevu ambao jani la Lokori halijawahi kuuona. Mzigo ukikaa bandarini, ufunguliwe na kuanikwa kivulini kabla ya kuingia kwenye kontena.

Kikapu kilichobonyea si cha kutupwa. Kipanguse kwa kitambaa chenye maji, kivishe kwenye sufuria ya kipimo chake, kiache usiku kucha. Kitarudi. Kilichovunjika mzunguko hakirudi, na hapo ndipo ugomvi huanza, maana wanunuzi wengi hupenda kukata hasara hiyo kwenye malipo ya msusi. Hilo silikubali. Mama aliyeleta kikapu kizima, kikapimwa kwa kidole, kwa shavu na kwa kitambaa, amemaliza kazi yake mlangoni pa ghala, na analipwa siku hiyo. Kuanzia hapo anayebeba ndiye anayedaiwa. Daftari husafiri na mzigo, na kila anayeupokea, Lokichar, Lodwar au Kakuma, huhesabu, huandika vilivyoharibika na kutia sahihi. Asipotia sahihi, mzigo haushuki.